CHAKULA CHA MWENYE KUNYONYESHA: NI HISANI AU NI DENI?

Sifa njema zote humrejea Mwenyezi Mungu, aliyemruzuku mtoto mchanga kabla hajapata meno ya kutafunia wala ulimi wa kuombea. Na rehema na amani zimfikilie Mtume Muhammad, na jamaa zake, na sahaba zake. Ama baada ya hayo:

Yako maswali ambayo watu huyapita kila siku, kama wapitao kando ya kisima wasichungulie ndani, kwa kudhani kuwa yamekwisha kujibiwa zamani. Miongoni mwa hayo ni suali hili: mwanamke anyonyeshaye, anapotengewa chakula kilicho bora kuliko cha siku zote, je, amefanyiwa hisani, au amelipwa haki yake?

Mtu asidhani kuwa tafauti iliyopo hapa ni ya maneno tu. Mwenye kutoa hisani akitoa husifiwa, na asipotoa halaumiwi. Lakini mwenye deni akilipa ametimiza tu yaliyompasa, na asipolipa, hali anaweza, huyo ni mdhalimu. Basi kujua kama chakula hiki ni hisani au ni deni, ni kujua kama yuko mtu atakayesimamishwa mbele ya Mola wake akaulizwa juu yake, au hakuna.

HALI YA NCHI

Suali hili laulizwa kila mahali, lakini katika nchi ya Masasi na Newala lina uzito wake peke yake. Wamakonde wana kisa cha asili yao, nacho chasema kwamba mtu wa kwanza na mkewe walipokaa mabondeni karibu na maji, mtoto wao alizaliwa amekufa. Wakahama, na wa pili akazaliwa amekufa. Hata walipopanda juu ya uwanda, pande za Mahuta, ndipo alipozaliwa mtoto aliye hai. Kwa hiyo wazee wakausia kizazi chao kikae juu, kijitenge na mabonde.

Ndani ya kisa hiki mna jambo la kuzingatiwa. Uwanda ulichaguliwa ili mtoto aishi. Lakini uwanda ule hauna mito juu yake. Mvua inyeshayo hunywewa na mchanga, nayo maji hutokea chini, katika chemchemi za mitelemko na mabonde. Mji wa Newala umekaa ukingoni, wautazama mto Ruvuma kwa mbali huko chini kama mwenye kiu autazamavyo mtungi wa jirani. Basi uhai wa mtoto ulinunuliwa kwa kukaa mbali na maji, na aliyelipa thamani ile kwa kichwa chake na shingo yake ni mama, mwenye kushuka na kupanda na ndoo. Ni kweli kwamba tangu miaka ya 1950 yamefanywa maarifa ya kupandisha maji kwa mitambo na mabomba mpaka juu ya uwanda, na kheri nyingi imepatikana. Walakini bomba halikufika kila mlango, na lilipofika si siku zote hutoa maji.

Chakula cha nchi hii ni muhogo, mtama, mahindi na mpunga kwa mahali. Na pamoja navyo mbaazi, kunde, njugu mawe, karanga na ufuta. Zao la fedha ni korosho, ambayo huokotwa tangu mwezi wa Oktoba. Mvua ni za msimu mmoja, takriban tangu Disemba hata Aprili. Na miezi ile ya kulima na kupalilia ndiyo miezi ambayo ghala zimepungua na mavuno mapya hayajakomaa. Yaani kazi huwa nyingi kabisa wakati chakula kilipo kidogo kabisa.

Na afikiriwe mwanamke wa nchi hiyo mwenye mtoto wa miezi minne, katika mwezi wa Februari. Huamka kabla ya alfajiri akafuata maji. Akirudi huenda shamba na mtoto mgongoni. Hupalilia, hukusanya kuni, hurejea akatwanga, akapika, akapakua. Mume hutengewa kwanza, na wageni, kisha watoto wakubwa. Naye hula kilichobaki chunguni, yaani ugali wa muhogo na mchuzi usio na kitu. Usiku, watu wakilala, mtoto hunyonya. Mwanamke huyu hakupigwa, wala hakutukanwa, wala hakunyimwa chakula kwa makusudi. Kila mtu nyumbani mwake humwona kuwa yu salama. Je, yuko aliyemdhulumu?

MWILI HULIPA KWA SIRI

Ili kulijibu suali hilo, lazima kwanza ijulikane maziwa ni kitu gani na hutoka wapi. Mama anyonyeshaye mtoto asiyekula kitu kingine hutoa kwa siku maziwa kiasi cha robo tatu za lita. Kwa ajili hiyo mwili wake wahitaji nguvu zaidi ya kawaida, kiasi cha kalori 500 kila siku, nazo ni kadiri ya mlo mmoja mdogo juu ya milo yake. Na sehemu kubwa ya maziwa ni maji, kwa hiyo kiu yake si ya kudharauliwa.

Lakini jambo lililo zito zaidi ni hili: mama asipopata mlo huo wa zaidi, maziwa hayakatiki mara moja. Mwenyezi Mungu ameujaalia mwili wa mama kumtanguliza mtoto. Shahamu yake huyeyushwa, nyama yake hupunguzwa, na hata chokaa ya mifupa yake huchukuliwa, ili maziwa yaendelee. Mtoto hunenepa, na watu husema: tazameni, mtoto ana afya, basi mama ameshiba. Huu ni ushahidi wa uwongo. Unene wa mtoto haushuhudii shibe ya mama. Mara nyingi washuhudia kwamba mama amekula mwili wake mwenyewe.

Na yako mambo ambayo mwili wa mama hauwezi kuyakopesha. Vitamini A, na baadhi ya vitamini za kundi B, na madini joto, vikipungua katika chakula cha mama hupungua pia katika maziwa. Hapo njaa ya mama huvuka ikamfikia mtoto, ingawa tumbo lake limejaa. Na muhogo, pamoja na neema yake ya kuvumilia ukame, ni chakula cha nguvu tupu. Protini iliyomo ni haba. Na ulio mchungu, usipotayarishwa vema, una sumu ambayo huzidisha maradhi ya rovu mahali palipo na upungufu wa madini joto. Katika mwaka 1988, wakati wa ukame, watu wa wilaya ya Masasi walidhurika kwa kula unga wa muhogo mchungu uliotayarishwa kwa haraka, kwani njaa haikuwaacha wangoje siku za kutosha za kuuanika na kuuvundika. Haraka ile haikuwa ujinga, ilikuwa njaa. Mwanamke anajua namna ya kuutoa uchungu wa muhogo. Asichokuwa nacho ni siku za kungoja.

HOJA ZA WASEMAO NI HISANI

Wale wanaoona kuwa chakula bora cha mwenye kunyonyesha ni hisani tu wana hoja tatu, na haifai kuzitupa kabla ya kuzipima.

Hoja ya kwanza wasema: maziwa ni kipawa cha Mungu, huja yenyewe bila ya mama kuyatafuta, na kitu kijacho chenyewe hakina bei.

Hoja ya pili wasema: nyumba ni maskini, na wote hula sawasawa. Vipi maskini awe na deni la kitu asichokuwa nacho?

Hoja ya tatu ni ya nchi ile hasa. Wamakonde, na Wamakua, na Wayao, huhesabu ukoo kwa upande wa mama. Mtoto ni wa ukoo wa mamaye, na mjomba ndiye mwenye kauli juu yake. Basi mume husema: mtoto ni wenu, mlisheni mama yake. Na mjomba husema: mke ni wako, mlishe wewe. Na baina ya milango hii miwili mwanamke husimama uani na mtoto kifuani, kila mlango ukimwelekeza kwa mwenziwe.

JAWABU LA HOJA YA KWANZA

Ama kusema kuwa maziwa huja yenyewe, hayo yamekwisha kubatilishwa na yaliyotangulia: hayaji yenyewe, hutoka katika mwili ambao lazima ulishwe. Lakini hata kabla ya elimu ya leo, sharia ilikwisha kuyajua. Katika Suratul Baqara, aya ya 233, Mwenyezi Mungu ametaja kunyonyesha miaka miwili kamili kwa atakaye kutimiza, na papo hapo, bila ya kuvuka aya, akaweka juu ya baba chakula cha mama na mavazi yake kwa wema. Akakataza mama asidhuriwe kwa sababu ya mtoto wake, wala baba asidhuriwe. Na katika Suratut Talaq, aya ya 6, ameamrisha kwamba mwanamke aliyeachwa, akiwanyonyeshea waume mtoto wao, apewe ujira wake. Na katika madhehebu ya Imam Shafi, ambayo ndiyo yanayofuatwa na Waislamu wengi wa nchi hizi, hata mke aliye ndani ya ndoa akitaka ujira wa mfano wake hupewa. Basi kazi ambayo Muumba ameitajia ujira, kiumbe hawezi kuilipa kisha akaiita sadaka.

Na hapa pana nukta nzuri. Imam Nawawi ametaja katika Minhaj kwamba mama humlazimu kumpa mtoto dang'a, yaani maziwa yale ya kwanza, kwa sababu mtoto haishi ila kwayo kwa ghalibu. Matabibu wa leo wasema kwamba maziwa hayo ya manjano, ambayo baadhi ya watu huyakamua wakayamwaga kwa kudhani ni machafu, ndiyo kinga ya kwanza ya mtoto. Sharia basi imemlazimisha mama kile ambacho hakuna mwingine awezaye kukitoa badala yake, na ikawalazimisha wengine kila kinachoweza kutolewa na wengine. Mzigo umegawanywa kwa uadilifu. Lakini desturi imechukua fungu la mama ikaliita faradhi, ikachukua fungu la baba ikaliita ukarimu.

JAWABU LA HOJA YA PILI

Ama umaskini, ni udhuru wa kweli kwa aliye maskini kweli. Aya ile ile yasema kwamba nafsi haikalifishwi ila kwa kadiri ya uwezo wake. Na mafaqihi wa Kishafi wamekadiria chakula cha mke kwa vipimo vitatu: mudi moja kwa mume maskini, moja na nusu kwa wa kati, na mbili kwa tajiri, kwa nafaka iliwayo sana katika mji, tena juu ya nafaka kuna kitoweo, na tena ni juu ya mume gharama za kusaga na kupika. Angalia! Hata maskini ana kipimo; umaskini umempunguzia deni, haukumfutia.

Na kuna umaskini wa mali na kuna umaskini wa mgawanyo. Nyumba inayosema kuwa wote hula sawasawa na itazamwe wakati wa kupakua. Ikiwa nyama ya kuku huenda barazani, na dagaa huenda kwa wakubwa, na mama hupata mchuzi, basi hapo hakuna usawa uliovunjwa na umaskini. Kuna mgawanyo uliofichwa nyuma ya umaskini. Na wakati wa korosho, mnada umefanywa na malipo yametoka, fedha huingia kwa mkupuo mmoja, na mara nyingi mkononi mwa mwanamume, ilhali aliyepalilia na kuokota ni wote wawili. Mwezi ule hununuliwa vitu vya kuonekana na watu; Februari hufika, na chungu hakina kitu. Hapo si haki kusema kwamba hakikuwako. Kilikuwako, nacho kilitumika bila ya kumkumbuka mwenye deni.

Tena usawa wenyewe si uadilifu katika jambo hili. Watu wawili wakila sawasawa, na mmoja wao anamlisha wa tatu kwa mwili wake, huyo hakula sawa na mwenziwe, amekula pungufu.

JAWABU LA HOJA YA TATU

Ama hoja ya ukoo, hiyo ni ngumu zaidi, kwani kila upande una neno la kweli. Sharia imeweka chakula juu ya baba, na hapo hapana shaka. Sheria ya Ndoa ya Tanzania Bara, ya mwaka 1971, nayo imemwekea mume wajibu wa kumpa mkewe chakula, mavazi na makazi kwa kadiri ya uwezo wake. Basi mume hawezi kuikimbilia desturi ili aikimbie sharia.

Lakini mjomba naye asifurahi upesi. Aya ile ile, baada ya kumtaja baba, imesema kwamba juu ya mrithi kuna mfano wa hayo. Wafasiri wamehitilafiana juu ya mrithi huyu ni nani hasa. Walakini maana iliyo ndani yake iko wazi: mwenye kungojea faida ya mtoto hawezi kujitenga na gharama yake. Na mafaqihi wana kanuni mashuhuri kwamba faida hufuatana na dhamana. Ukoo unaosema kwamba mtoto ni wake, na jina ni lake, na kauli ni yake, umekwisha kukiri deni kwa ulimi wake wenyewe. Kwa hiyo, pale ambapo kila mmoja husukuma mzigo kwa mwenziwe, kweli ni kwamba hakuna aliyeepukana nao: mume amefungwa na sharia, na mjomba amefungwa na dai lake.

MAMA SI CHOMBO

Hata hivyo mtu aweza kukubali yote haya, akamlisha mama vema, naye bado akawa amekosea katika jambo la ndani kabisa. Nalo ni kumlisha kwa ajili ya mtoto tu, kama mtu atiavyo mafuta katika taa, si kwa kuipenda taa, bali kwa kutaka mwanga. Mtoto akiachishwa ziwa, chakula kizuri hukoma siku ile ile. Hapo mama amekuwa chombo.

Sharia haikumtazama hivyo, na dalili yake imo katika hukumu ya Ramadhani. Mwenye kunyonyesha ameruhusiwa kufungua akikhofia madhara. Wanazuoni wa Kishafi wamepambanua: akifungua kwa kukhofia nafsi yake, au nafsi yake pamoja na mtoto, hulipa siku zake tu, na akifungua kwa kukhofia mtoto peke yake, hulipa siku na hutoa fidia, kwa kila siku mudi moja ya chakula. Mwenye kuizingatia hukumu hii ataona kwamba nafsi ya mama imehesabiwa peke yake, nayo yatosha kuwa udhuru hata kama mtoto hana khofu yoyote. Basi ikiwa Mwenyezi Mungu amemwachia mama haki Yake Mwenyewe, nayo ni saumu, kwa ajili ya mwili wa mama, ni mume gani au mjomba gani atakayesema kwamba haki yake ya kutengewa kwanza ni kubwa kuliko mwili huo?

Tena imepokewa khabari ya Sayyidna Omar, naye ni Khalifa, kwamba aliweka posho kwa kila mtoto aliyekwisha kuachishwa ziwa. Usiku mmoja akasikia mtoto akilia, akamwendea mama yake mara kwa mara, hata akatambua kwamba mwanamke yule, hali hamjui aliyesema naye, alikuwa akimwachisha mtoto kabla ya wakati ili apate posho ya Omar. Omar akalia, akajilaumu kwa watoto ambao huenda wamekufa kwa sababu ya amri yake, akaamrisha posho itolewe tangu kuzaliwa. Fundisho la khabari hii si kwamba Omar alikuwa mbaya. Alikuwa mwadilifu kuliko wengi. Fundisho ni kwamba hata amri njema, ikimsahau mwenye kunyonyesha, humla mtoto. Leo sheria ya kazi ya Tanzania ya mwaka 2004 yampa mwajiriwa likizo ya uzazi ya siku 84 kwa mshahara, na saa zisizozidi mbili kila siku za kwenda kunyonyesha. Lakini mkulima wa Newala hana mwajiri; jembe halitoi likizo. Asipopewa mapumziko na watu wa nyumba yake, hakuna mwingine wa kumpa.

YAPASAYO KUTENDWA

Elimu isiyofika chunguni ni kama mvua ya uwandani: hunyesha, ikapotea mchangani. Basi yafaa mambo haya yashikwe.

Kwanza, mwenye kunyonyesha apakuliwe mapema, si mwisho. Na kila siku apate mlo mmoja zaidi, na maji ya kutosha karibu naye.

Pili, mboga zisidharauliwe. Kisamvu kilichotwangwa na kupikwa vema, kikaungwa kwa karanga, na mbaazi, na kunde, na njugu mawe, hutoa protini ambayo ugali wa muhogo hauna. Majani ya maboga, na mapapai, na maembe wakati wake, hutoa vitamini A. Mayai na dagaa, vikipatikana, ni vya mama kabla ya mgeni; na miiko inayomzuia mwanamke mayai haina asili katika sharia. Na chumvi inunuliwe iliyotiwa madini joto.

Tatu, fedha ya korosho ikiingia, fungu la miezi ya njaa litengwe kabla ya kununua kitu kingine, kama mtu alipavyo deni kabla ya kutoa zawadi.

Nne, maji na kuni katika miezi sita ya kwanza, ambayo mtoto hastahili kula kitu ila maziwa, viwe kazi ya watu wengine nyumbani. Mtume, rehema na amani zimshukie, alikuwa akiwatumikia watu wa nyumba yake. Basi mwanamume hashushwi cheo na ndoo.

Tano, mambo haya yafundishwe jandoni. Unyagoni wasichana hufundishwa wajibu wao kwa urefu. Wavulana nao wafundishwe kwamba mume hajatimiza unaume wake mpaka ajue kilichomo katika sahani ya mkewe.

Mtu akiuliza tena: je, mwanamke yule wa Februari yuko aliyemdhulumu? Jawabu ni kwamba yuko, ingawa hakuna aliyekusudia. Wako wengi, kila mmoja ameshika kipande kidogo cha deni, na kwa udogo wa kipande chake amejiona hadaiwi. Dhulma ya namna hii haina kelele, kwa sababu mdai wake halalamiki. Hulala usiku akinyonyesha, na mwili wake humlipia kila mtu. Lakini deni lisilodaiwa duniani halikufutwa, limeahirishwa tu.

Mwenyezi Mungu awafungue macho wenye nyumba, awabariki mama na watoto wa nchi ile na nchi zote, na awajaalie Waislamu kulipa madeni yao kabla ya siku isiyolipwa kwa mali. Amin. Na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi.